Yowe la Selestina

Mahindi ndiyo yaliyowaweka hai watu wa Endagwe mwaka tisini na saba, na mahindi hayohayo, miaka kumi baadaye, ndiyo yaliyowaingizia kifo chumbani. Ukitaka kujua kwa nini Selestina alifanya alilolifanya, anza hapo.

Zamani kila mji, maana yake boma la familia, katika kitongoji hicho, juu ya Karatu kuelekea msituni, ulikuwa na kihenge cha mahindi nje, kimeinuliwa juu ya magogo, kuku wakijilaza kivulini mwake. Kisha vita vya ng'ombe vikaja. Washambulizi walipanda kutoka bondeni na mishale, baadaye na bunduki. Waliswaga mifugo, na wakiondoka waliwasha vihenge moto ili watu washughulike na kuzima wasiwafuate. Thomasi, mume wa Selestina, aliuawa mlangoni mwa kihenge chake, ndoo ya maji ikiwa mkononi.

Wiki hiyohiyo Simon, mwenyekiti wa kitongoji, akapitisha amri mbili. Ya kwanza, mahindi yote yaingie ndani ya nyumba, yapandishwe darini, juu ya vitanda. Ya pili, yowe likipigwa, kila mwenye miguu atoke, awe mgonjwa, awe mfiwa, awe amefungiwa. Atakayelisikia akabaki ndani atahesabiwa kuwa mmoja wa maadui.

Zilikuwa amri nzuri. Hakuna aliyekufa kwa njaa. Mwaka huu walilipiza hawa, mwaka uliofuata wakalipiza wale, mpaka wazee wa pande zote mbili walipochoka kuzika wakachinja na kuapa, mwaka elfu mbili na tatu. Ng'ombe wachache walirudishwa. Mahindi hayakurudi nje. Watu walikuwa wamezoea kulala chini ya chakula chao, na panya nao walikuwa wamezoea.

Lipo jambo jingine kuhusu Selestina. Kwa Wairaqw, kipo kifo kinachoufunga mji. Matawi hulazwa njiani, na waliomo hawatoki, wala walio nje hawaingii, mpaka wazee wawafungue. Kufungiwa huko wanakuita metimani. Alipouawa Thomasi, Selestina alifungiwa na watoto wake wawili, na mdogo wao, Inosenti, alikuwa na miaka minane. Siku ya pili Inosenti akashikwa na homa. Selestina akasimama kwenye matawi, akawauliza wazee kama anaweza kumpeleka zahanati. Wakamwambia asubiri. Akasubiri. Siku ya sita Inosenti akafa, na kitongoji kizima kikamsifu mama yake kwa utiifu.

Mwezi wa pili mwaka elfu mbili na saba, panya walianza kuanguka mchana. Walidondoka kutoka darini, wakayumba sakafuni kama walevi, wakafa. Wanawake waliwashika mkia na kuwatupa mferejini, wakishukuru kwamba paka wamepata likizo.

Kisha akaugua Piusi, mtoto wa Simon. Alirudi kutoka shambani anatetemeka, ana mtoki kinenani mkubwa kama yai la bata, na siku ya tatu akafariki. Piusi alikuwa mume wa Anneth, na Anneth alikuwa binti wa Selestina, mtoto pekee aliyembakia. Simon aliyalaza matawi kwa mikono yake mwenyewe. Ndani wakabaki yeye, mkewe Leonida, wajukuu wao wawili, watoto wa binti yao marehemu, na Anneth mjane.

Kesho yake akafika Dennis, bwana afya, kijana wa Kilimanjaro aliyeongea upesi kama anayekimbia mvua. Alisema ugonjwa ni tauni. Panya akifa, viroboto wake humhama na kumrukia mtu. Watu watoke nyumbani humo leo hii, wachomwe sindano, nyumba ipigwe dawa, viroboto wakishakufa ndipo mahindi yatolewe. Akaonya pia kwamba mtu asichome nyumba wala kubomoa dari, maana panya watakimbilia kwa jirani.

Simon alimsikiliza kwa heshima. Alimwekea hata kigoda upande wa pili wa matawi. Kisha akakataa. Aliyefungiwa akitoka, alisema, anatembea na mkosi mpaka kila mlango anaopita, na mwenyekiti hawezi kuwa wa kwanza kuwaletea watu mkosi. Dennis alipotaka kuingia yeye, ndugu za Simon walisimama njiani na fimbo. Vidonge hakuwa navyo, alikuwa na sindano tu, na sindano hairushwi juu ya matawi. Akapanda pikipiki kwenda kuomba gari na nguvu ya serikali, huku akisema huenda ikachukua siku mbili, huenda tatu.

Kila asubuhi Selestina alipeleka kibuyu cha maziwa, akakiweka juu ya jiwe mpakani, akarudi nyuma hatua kumi. Anneth alikuja kukichukua. Siku ya nne alikuja anatembea mkono mmoja ukiwa mbali na mwili, kama aliyebeba kitu kwapani asichotaka kukiangusha.

"Aayo," alisema, kama wanavyowaita mama zao huko, "kwapa linaniuma."

"Tangu lini?"

"Jana. Usimwambie mtu, wataniambia nikalale ndani."

Selestina akamwita Simon. Alimwomba kwa upole, kwa lugha ya wakwe, ambao hawapaswi kupandishiana sauti. Alimwambia gari la Dennis limeshaonekana barabarani, lipo pale zahanati likingoja askari, ni mwendo wa nusu saa. Simon alikuwa hajalala siku nne na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mkwe," alisema, "wewe ulifungiwa ukatii. Sisi sote tulijifunza kwako. Leo unataka nishindwe na jambo uliloliweza wewe mwanamke?"

Selestina alikiokota kibuyu, akaondoka.

Hakwenda kwake. Alipita jikoni kwa jirani wa Simon, mzee Obed, akachota makaa kwenye kigae, akazunguka kwa nyuma kupitia mabua ya shamba la Simon. Alihakikisha kwanza. Leonida na wajukuu walikuwa nje, zizini. Anneth alikuwa amelala juu ya ngozi pembeni mwa uzio. Simon alikuwa amesimama palepale alipomwacha. Selestina akayatia makaa kwenye nyasi za paa, upande wa darini, akapuliza mpaka midomo ikaungua. Moto ulipokamata, akarudi nyuma, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe la vita.

Lilikuwa halijasikika miaka minne. Kitongoji kizima kilitoka. Walikuja na panga, na mikuki, na ndoo, wakayakanyaga matawi bila kuyaona. Obed alifika na upinde, suruali haijafungwa, akiuliza kwa hasira maadui wako wapi.

"Darini," alisema Selestina.

Wakati huo watu arobaini walishaingia na kutoka. Hakukuwa tena na wa ndani wala wa nje. Mahindi yalilipuka juu kama bisi, panya wakimwagika kutani. Selestina alimbeba Anneth mgongoni, mwanamke wa miaka hamsini na binti mtu mzima, na njia nzima mpaka zahanati hakuna aliyemsimamisha. Jioni hiyo watu wote wa mji wa Simon walichomwa sindano, na Endagwe yote baada yao.

Anneth alikufa siku ya pili. Dennis alisema kama angefika siku moja kabla, angepona.

Wengine wote walipona. Panya waliokimbia waliingia kwa Obed, paja lake likavimba, akatibiwa, akabaki anachechemea. Baada ya wiki tatu wazee walikaa kwenye kiwanja cha Simon, mbele ya kuta nyeusi. Mashtaka yalikuwa ya kweli yote: matawi, nyumba, chakula cha mwaka, paja la Obed. La mwisho lilikuwa zito kuliko mengine, yowe la uongo. Siku vita vikirudi, waliuliza, nani atatoka? Alitakiwa alete kondoo jike na asali, na aseme neno la kuomba radhi.

Simon alisimama. Alikuwa amekonda. Nyuma yake wajukuu wake wawili walikuwa wakipukuchua mahindi ya msaada.

"Mkwe," alisema, karibu kwa kunong'ona, "kondoo nitamtoa mimi. Wewe sema neno tu, tuendelee kuishi."

Selestina aliwatazama wale watoto, kisha akamtazama yeye.

"Nimemwomba radhi Inosenti miaka kumi," alisema. "Sasa nimeanza kumwomba Anneth, kwa siku nne nilizosimama pale na maziwa. Hao wawili ndio wanaonidai radhi. Ninyi mko hai. Siwaombi radhi."