Vanishi ya Maji

Milcah alikuwa na wivu, na tusimfichie. Miaka sita alikuwa amekata na kukunja karatasi katika karakana ya George mjini Kakamega, akiunda nyumba, magari, hata mnara wa kanisa. Halafu mwezi wa pili akaja Zilpah, msichana wa Bukura, na kabla ya Pasaka wateja walikuwa wakimwulizia yeye kwa jina. Kila sifa aliyopewa Zilpah ilimkata Milcah maini.

Sasa mzee Ingosi wa Khayega alitaka sanamu ya fahali wake wa kupigana, Kifagio, aliyeshinda kila sikukuu hadi uzee ukamlaza. George aliwaagiza wote wawili watengeneze, mzee achague mmoja.

"Mwenye atachaguliwa ndiye atasimamia hii meza," alisema.

Meza hiyo ilikuwa ya Milcah.

Wakafanya kazi wiki nzima. Vipande vilichapwa kwa printa ya wino, vikakatwa, vikagundishwa. Fahali wa Milcah alitoka safi, wima, pembe zake ndefu zikiwa sawa kabisa. Wa Zilpah alikuwa ameinamisha kichwa, shingo imevimba, ungedhani anataka kumtoa mtu mbio. Milcah alimtazama mara moja tu, akageukia kazi yake.

Ilibaki vanishi, ya kuipa karatasi nguvu na kuikinga na unyevu. Zilpah, ambaye hakuwahi kuipaka, akamjia na mikebe miwili.

"Dada Milcah, nipake gani? Hii ya kupuliza ama hii ya maji, ya brashi?"

Wino wa printa ile ukikutana na maji huchuruzika. Hutangulia ile ya kupuliza, kidogo kidogo, mara tatu, ukingoja ikauke. Milcah alilijua hilo kama jina la mamake. Akatabasamu.

"Mimi hupakanga ya maji. Weka mingi, usiache mahali."

"Asante sana, dada. Mungu akubariki."

Milcah akaenda kibandani kunywa chai, akala na mandazi mawili, bila haraka. Aibu ilimgusa kidogo, si uongo, lakini furaha iliizidi. Akapanga hata namna atakavyoshtuka.

Aliporudi alimkuta Zilpah kando ya meza, brashi mkononi, machozi yakimtoka. Mbele yake fahali mmoja alikuwa amelowa chepechepe. Weusi wa mgongo ulikuwa umeteremka hadi kwatoni, na macho yalikuwa michirizi miwili.

"Jamani Zilpah! Imekuwaje?" Milcah akaanza.

Kisha akaziona pembe ndefu. Fahali wa Zilpah alikuwa dirishani, mkavu, hajaguswa.

"Nisamehe, dada," Zilpah akalia. "Nilianza na yako. Wewe ndiyo mkubwa, singeweza kutanguliza yangu. Na nilipaka tu vile uliniambia."

Alimtazama Milcah usoni, kwa muda mrefu kidogo, kisha akafuta machozi.

George aliingia akiwa na mzee Ingosi, akaona meza, akasimama.

"Nani alikuambia upake ya maji?"

Milcah alishusha macho, akangoja jina lake.

"Hakuna mtu," Zilpah alijibu. "Ni mimi sikuuliza."

Na Milcah akamchukia kuliko siku zote.