Damu Yenye Adabu

Ukoo wetu hautoki damu ovyo. Sisi ni mafundi cherehani tangu enzi za babu, na sindano zimetuchoma mpaka zimechoka zenyewe, lakini tone halionekani. Baba alikuwa akijisifu mbele ya wateja: "Damu yetu ina adabu. Haitoki nyumbani bila ruhusa."

Uzeeni, siku moja ya vumbi, madirisha yote yamefungwa, baba aliinua kichwa kwenye cherehani akauliza, "Nani kafungua dirisha?" Akausugua mkono wa kushoto. Kisha mdomo ukaenda upande, na hakusema tena. Baadaye shangazi naye akauliza vile vile, jikoni kwake, dirisha limefungwa. Tukamzika kando ya baba. Majirani wakanong'ona habari za upepo mbaya. Mimi niliyezoea kuwacheka watu wa namna hiyo, nikachukua nyundo, nikapigilia misumari dirisha la chumba chetu cha kushonea.

Daktari alitupima mimi na mdogo wangu wa kiume, wote tumeshaota mvi. Alisema damu ina protini za kuigandisha mtu akikatwa. "Zenu mmezirithi zikiwa na tofauti ndogo. Zinafanya kazi kabla hazijaitwa. Bonge la damu likiziba mshipa wa kichwani, ndiyo kiharusi, na umri ukisogea hatari inapanda." Kuhusu dirisha, alisema mkono ukianza kufa ganzi mtu anaweza kuhisi baridi. Akatupa vidonge vya kuzuia damu kuganda.

Mdogo wangu akavimeza bila ubishi. Mimi pia, mpaka lilipokuja gauni la bibi harusi, jeupe pe. Sindano ikanichoma, damu ikatoka, haikomi, doa likakaa kifuani. Nililia kwa hasira. Nikabadilisha kipande kizima, nikaapa dawa zipumzike mpaka gauni liishe. Kila asubuhi nilijifanya nameza, kumbe kidonge nakitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Haukupita muda, sindano ikanichoma, pakavu. Adabu imerudi, nikajisemea, na nilifurahi kweli.

Nilikuwa kwenye pindo la mwisho, mdogo wangu anapiga pasi, niliposikia, "Nani kafungua dirisha?"

Nikainua uso nimkemee, aache mizaha na marehemu. Nikamkuta amenikodolea macho, pasi inaunguza kitambaa.

"Dada," alisema, "umeuliza nini?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Sindano ilikuwa imezama kidoleni mpaka kwenye kucha, nami sikuhisi kitu. Gauni halikuwa na hata tone.

Akampigia daktari. Sauti ya simu niliisikia vizuri: "Vidonge anameza? Niambie kweli, maana kama anameza hatuwezi kumpa dawa ya kuyeyusha bonge."

"Anameza, daktari. Kila siku, namwona kwa macho yangu."

Hapana! Nilitaka kumwambia afungue kopo la vifungo, aone, amwambie daktari kabla hawajanitibu kwa uongo wangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ulimi ulikuwa mzito, na neno likapenya moja tu.

"Fungua," nikasema. "Fungua..."

"Nafungua, dada yangu, nafungua," akajibu huku analia. Akachukua nyundo, akaenda dirishani, akaanza kung'oa misumari.