Bangili Iliyofubaa

Sonara alikuwa anatafuta miwani yake, ambayo bila shaka ilikuwa kichwani, alipofungua droo ya mkewe na kukuta bangili ya harusi yao imefungwa kwenye leso. Ilikuwa nyeusi tii.

Akaketi kitandani. Mtu mwingine angesema ni uzee wa bangili tu, lakini huyu ameshika fedha maisha yake yote. Fedha inayovaliwa kila siku husuguliwa na ngozi ikabaki inang'aa. Inayofubaa hivi ni ile iliyowekwa bila kuvaliwa. Na mkewe alikuwa na bangili mkononi asubuhi hii hii! Aliisikia ikigonga ukingo wa meza, kama anavyoisikia kila siku, na siku zote alidhani ni hii ya harusi. Sasa ile amepewa na nani? Roho ikamuuma. Mzee mzima, wivu wa kijana.

Sebuleni mkewe, mwalimu mstaafu, alikuwa amezama kwenye kamusi ya Kiingereza anayoitafsiri.

"Baba, afadhali umekuja. Fedha ikipoteza mng'aro, mafundi mnasemaje?"

"Imefubaa," akajibu kwa mkato.

"Ahaa! Waingereza wanasema tarnish. Walilichukua kwa Wafaransa, kwao ni kufifiza. Na wapo wataalamu wanaodhani kwamba zamani zaidi, kwenye lugha nyingine kabisa, mzizi wake ulikuwa kuficha. Si tamu hiyo?"

"Tamu sana." Akaiweka bangili nyeusi juu ya kamusi. "Na wewe umenificha nini?"

Mkewe akacheka, kisha akamtazama machoni, akaacha kucheka. Akapandisha mkono wa gauni lake refu. Bangili nyembamba ikametameta, kiungo chake kimekaa upande.

Sonara alikijua kiungo kile. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa. Fundi aliyekuwa akimfundisha aliicheka karakana nzima ikisikia, naye kwa aibu akaitupa kwenye kopo la vipande vya kuyeyusha.

"Uliitoa wapi?"

"Koponi. Nilileta hereni za mama kutengenezwa, nikakuona umeinama, karibu kulia. Ulipogeuka nikaichukua. Niliiba, ndiyo. Hii ya harusi kila mtu aliisifia, hata kuivaa naogopa. Ile hakuna aliyeitaka ila mimi."

"Kwa hiyo umeivaa tangu..."

"Tangu kabla hujanitongoza, bwana wewe. Na ulivyochelewa kufungua mdomo!"

Aibu na furaha vikamshika kwa pamoja. Miaka yote amekagua mikono ya wateja, na huu wa mkewe hakuwahi kuuangalia. Kidole chake kikakipapasa kiungo kile kibovu. Angeweza kukinyoosha kwa dakika moja tu.

"Thubutu!" mkewe akasema.

Hakuthubutu. Aliushika tu mkono ule, ambao ndio wa kuandikia, na kamusi ikasubiri.