Adhana ya Riyadh, Halua ya Jeddah

Miaka ile bei ya mafuta ilipopaa na kila mwenye kampuni akataka vitu vipya, bosi wa Barasa jijini Riyadh naye alichoshwa na mtambo mkuu wa kompyuta za ofisi, kizee kilichokuwa kikikohoa tangu asubuhi. Akanunua mpya. Sharti likawa moja: kazi zote zihame bila ofisi kusimama, si Riyadh wala tawi la Jeddah.

"Ikisimama watu wakiwa kazini, Barasa, sahau likizo."

Na likizo yenyewe ilikuwa ya kwenda kuoa. Harusi ilishaahirishwa mara mbili kwa kukosa ruhusa ya huyo huyo bosi, ambaye ndiye kafili wake, mdhamini wake nchini, na ndiye mwenye kumshikia pasipoti. Safari hii padri wa kule Bungoma alikwisha kuitangaza ndoa kanisani. "Ukikosa tena," Asumpta alimwambia kwa simu, kwa upole uliomtisha kuliko makelele, "usijisumbue kunipigia." Barasa alimjua. Asumpta hakuwa mtu wa vitisho vya bure.

Akakuna kichwa wiki nzima, mpaka jibu likamjia lenyewe: sala! Ikiadhiniwa adhuhuri, ofisi nzima huondoka mezani. Hapo ndipo atakapozima kizee na kuwasha kijana. Mkristo mzima kuokolewa na adhana. Alijicheka, akajisifu kidogo pia.

Siku ikawadia. Adhana ikasikika, wenzake wakatoka wakikunja mikono ya kanzu kwenda kutawadha. Barasa akazima mtambo wa zamani, mpya ukaanza kuvuta kumbukumbu zilizobaki. Ukishaanza haukatizwi mpaka umalize. Akajimiminia chai.

Simu ikalia. Ni Jabir, fundi mwenzake wa Jeddah, Mzanzibari aliyezaliwa na kukulia huko huko, mtaa wa Ruwais.

"We Barasa, umefanya nini? Kompyuta zote huku zimeganda!"

"Relax, bwana. Si watu wameenda kuswali?"

"Kuswali nani? Huku bado hatujaadhini! Sie tuko magharibi yenu, jua letu hufika nyuma. Kama nusu saa hivi! Na bosi yuko huku leo, anavaa miwani anataka kufungua kompyuta."

Jambo hilo kila anayeswali alilijua. Barasa hakuwahi kuswali, wala hakuwahi kuuliza. Chai ikampalia. Alimwona Asumpta ndani ya gauni jeupe, kando yake mwanamume mwingine, tena mrefu.

"Jabir, ndugu yangu, please! Watoe mezani. Fanya anything!"

Jabir akashusha pumzi. "Nna sinia la halua ya mama, Bi Kijakazi, garini. Ya posa ya dada yangu Samia, jioni ya leo. Mama ataniua, wallahi." Akakata simu.

Barasa akabaki akiutazama mtambo, akiuomba, akiutukana, akiuomba tena. Ulipomaliza, huko Jeddah nako watu walikuwa wameshatoka msikitini. Simu ikalia. Bosi.

"Barasa! Jabir kanieleza kila kitu!"

Barasa akafumba macho, akingoja kufukuzwa.

"Mabruk! Halua ya harusi yako nimeila mbele ya ofisi nzima, nimekuombea dua kwa sauti, wote wakaitikia amin. Sasa nikikuzuia watu watanionaje? Njoo Jumamosi uchukue pasipoti. Ule mtambo utauhamisha ukirudi."

"Umeshahama, bosi."

"Lini?"

"Ulipokuwa ukila."

Bosi akacheka mpaka akakohoa, na Barasa, mtu mzima na ndevu zake, akajikuta machozi yanamtoka. Akapiga Bungoma kabla hata hajayafuta.

"Asumpta, nakuja."

"Apa."

"Bosi ameshakula halua yetu."

Asumpta hakuelewa hata chembe. Lakini kwa mara ya kwanza mwaka ule, Barasa akamsikia akicheka.