Kondoo wa Malongo Hana Sufu

Kiswahili ni lugha tajiri. Kina neno la mtoto wa kwanza, kifungua mimba, na neno la mtoto wa mwisho, kitinda mimba. Wa saba kati ya wanane hakina neno lake; anapitwa tu, kama kituo ambapo basi halisimami. Wahangaza wa Ngara ndio waliomwonea huruma wakampa jina, Nyandwi, na anayemfuata wakamwita Minani. Lakini ulichunguze jina lenyewe: Nyandwi maana yake ni wa saba. Hata katika kuhurumiwa, mtoto wa watu amehesabiwa tu.

Nyandwi wa hadithi hii alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana, ambako sifa zake zilifika mpaka jikoni. Ndiye aliyeivisha kengele ya kuamshia soksi mbili, shule nzima ikalala mpaka saa moja na nusu, matroni akiwemo. Nyumbani Mugoma sifa hizo hazikuwa na mnunuzi. Nyumbani alikuwa wa saba.

Aliporudi likizo ya Juni alikuta nyumba inanuka kondoo aliyenyeshewa. Mama yake, Esperansia, alikuwa amejifunza kusokota sufu. (Kijiji kizima kilimwita Mama Frednand, kwa jina la kifungua mimba wake. Hakuna kiumbe aliyewahi kumwita Mama Nyandwi. Jambo hilo Nyandwi alishalifanyia utafiti.) Mwalimu alikuwa Sista Febronia wa kituo cha akina mama kule Ngara mjini. Alimpa kila mwanafunzi wake kiroba cha sufu iliyoletwa kwa lori kutoka nyanda za juu kusini, burashi mbili zenye meno ya waya za kuichania, na kijiti chenye kisahani cha mbao upande wa chini. Kijiti hicho unakining'iniza kwenye uzi na kukizungusha kwa vidole, nacho kikizunguka kinaisokota sufu unayoiachia kidogo kidogo kwa mkono wa juu. Kwa kuwa kilizunguka kama pia ya mchezo, nyumbani walikiita pia.

Mama alisokota akisubiri maharage yaive. Alisokota akifukuza kuku kwenye mtama, kwa mguu. Alisokota akimsikiliza baba, na baba alishalalamika kwamba siku hizi anazungumza na kijiti. Hayo yote Nyandwi angeyavumilia. Tatizo lilikuwa lile lililokaa upande wa kulia wa mama, kwenye mkeka uleule, likiwa na pia yake: Minani.

Minani alikuwa na miaka kumi na mitatu, alisoma shule ya kata na kurudi nyumbani kila siku, na uzi wake ulikuwa mwembamba, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba umetoka dukani. Yeye na mama walisokota bila kutazama mikono. Walikuwa na maneno yao. Mama akisema "imelala", Minani alijua ni sufu gani na ilale vipi. Waliweza kukaa kimya nusu saa nzima kisha wakacheka pamoja, na ukiwauliza wanacheka nini, wanasema, "Basi tu."

Basi tu! Nyandwi alilitafakari neno hilo siku tatu.

"Nipe na mimi nijaribu," alisema siku ya nne.

Alipewa. Uzi wake ulitoka mnene kama kidole, ukawa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, kisha ukakatika. Pia ikaanguka, ikaviringika mpaka uvunguni mwa kabati. Akaifuata kwa magoti, akajaribu tena. Ikarudi uvunguni, sasa kwa njia inayoifahamu.

"Usiibane hivyo, dada," Minani alisema. "Unaikaba koo. Iachie."

"Nimeiachia."

"Hujaiachia. Unaachia kama mtu anayetoa sadaka huku ameshikilia noti."

Mama alicheka mpaka pia yake ikasimama. Nyandwi naye alicheka, kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri, na kwa sababu hiyohiyo uliuma maradufu. Utani ndani ya nyumba ile ulikuwa kazi yake yeye.

"Halafu usidhani kila kondoo ana sufu," Minani aliendelea, kwa kuwa ualimu ukishampanda mtu kichwani haushuki haraka. "Kondoo wetu wa huku wana nywele tu, kama mbuzi. Fupi, kavu. Ukizichanganya na sufu, uzi unakatika-katika. Sista alisema."

"Sista alisema," Nyandwi alirudia kwa sauti ya pua. Lakini somo alilielewa vizuri kuliko hesabu yoyote ya kidato cha tatu.

Huenda mambo yangeishia hapo kama isingekuwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki ile mama alitangaza kwamba Jumamosi angepeleka uzi kwa Sista ukaguliwe. Angeondoka asubuhi na kurudi jioni, na angehitaji mtu mmoja wa kumbebea kapu. Mmoja tu, maana pikipiki ni moja.

"Nani?" waliuliza wote wawili.

"Yule ambaye uzi wake utakuwa umenyooka."

Lazima ieleweke Jumamosi hiyo ilikuwa nini. Tangu azaliwe, Nyandwi alikuwa amempata mama peke yake mara moja tu: siku nne za malaria, darasa la pili, wamelazwa kituo cha afya. Na katika siku hizo nne, mbili hakuwa na fahamu za kuzifaidi. Kabla yake walikuwepo sita, baada yake akaja Minani, na mama alikuwa mmoja kama pikipiki. Siku nzima mjini! Kupanda kile kilima cha kuingilia mjini, kukaa na mama kwenye benchi la mgahawa, chai na chapati, hakuna mtu wa kuingilia kusema "mama, tazama". Nyandwi alisokota Jumanne yote na Jumatano yote, akapata ngozi iliyochubuka kidoleni na uzi ambao baba aliuomba afungie mbuzi.

Alhamisi alasiri alichukua mkasi wake wa shule akashuka bondeni.

Kule kijitoni walichungwa kondoo wa Malongo, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga miaka tisa iliyopita. Yeye alimwambia baba "habali za asubuhi" na baba alimwitikia "nzuri, Marongo", na kwa herufi hizo mbili zilizobadilishana viti walikuwa majirani wazuri sana. Mchungaji alikuwa akioga upande wa pili wa matete. Nyandwi alimchagua kondoo jike mmoja mweupe, mzee, mwenye uso wa kutoa ushauri. Kondoo alisimama kwa utulivu wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mkasi ulikula ubavu wa kushoto, ukabaki mraba mtupu, nadhifu, wa pinki. Zoezi zima halikuzidi dakika tano.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Alizichana nywele zile pamoja na sufu ya Minani kwa burashi, kwa uangalifu mkubwa, mpaka huwezi kujua kipi ni kipi. Inasikitisha kusema, lakini ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya kwa burashi zile.

Ijumaa uzi wa Minani ulikatika. Akauunga, ukakatika. Akachana upya, ukakatika mara tatu ndani ya urefu wa mkono.

"Labda ni jua," mama alisema.

"Labda nimesahau," Minani alisema, akaiweka pia yake chini.

Nyandwi alikuwa akipepeta mchele karibu yao. Alikuwa amejiandalia furaha kubwa, na ilipofika aliona imepungua njiani. Mama alikuwa amemvuta Minani, kichwa chake amekiweka begani, anamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hata kushindwa kwake kulikuwa na faida! Nyandwi aliyeshindwa siku nne mfululizo alikuwa amefutwa nini?

Jumamosi saa moja asubuhi mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani, bado hajasema anakwenda na nani, Malongo alipoingia uani akisukuma baiskeli. Hakusema habali wala habari.

"Mama Frednand. Baba Frednand. Kondoo wa mama yangu amenyolewa."

"Amenyolewa?" baba aliuliza. "Na nani?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza. Kipande cha mraba, hapa." Alijipiga ubavuni. "Nywele zimechukuliwa. Mama yangu mnamjua, Bibi Rozina. Kondoo huyo ni wake toka Shinyanga. Anasema mtu hachukui nywele za kondoo wa mwenzake akazipike na mchicha. Anasema kuna mtu anamtaka kwa uchawi. Tangu Alhamisi jioni hali chakula. Amegeukia ukutani."

Baba alivua kofia. Jambo lilikuwa zito.

"Sisemi neno baya," Malongo aliendelea, akitazama mkeka, burashi, kiroba. "Lakini kijiji kizima kinajua nyumba inayoshughulika na manyoya ni ipi."

Macho yote yakamwendea fundi. Minani alisimama mlangoni akiwa ameshikilia pia kifuani, macho mekundu ya jana.

"Minani?" baba alisema polepole.

"Si Minani," mama alijibu kabla mtoto hajafungua mdomo. "Baba Frednand, fikiri. Kondoo wa Malongo hana sufu. Minani anajua hilo kama anavyojua jina lake. Anayejua kusokota hawezi kuchosha mkasi kwa kondoo yule. Aliyefanya hivi ni mtu asiyejua kitu. Aliona manyoya akadhani ni sufu, mjinga wa watu."

"Mjinga wa kiasi gani?" Malongo aliuliza, akianza kupata nafuu.

"Wa kiasi cha juu."

Nyandwi alikuwa nyuma ya baba. Alikuwa amesalimika. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ambayo hata kondoo aliiweza. Ndipo Minani akavuta kamasi, akasema, bila ubaya wowote:

"Labda ni dada. Yeye hajui."

"Najua!" Sauti ilimtoka Nyandwi kama kengele iliyovuliwa soksi. "Najua kabisa kwamba haisokotiki! Ni nywele, fupi, kavu, kama mbuzi! Kwani mimi nilinyoa ili nisokote? Nilinyoa ili nichanganye kwenye sufu ya Minani uzi ukatike, na si umekatika? Unamwona nani mjinga?"

Kuku mmoja alikohoa. Nyandwi aliyasikiliza maneno yake mwenyewe yakirudi, moja moja, akatamani kuyafuata uvunguni mwa kabati.

"Kwa hiyo sikusahau," Minani alisema taratibu. Alitazama mikono yake. Kisha akamtazama dada yake, na mtazamo huo haukuwa wa kitinda mimba hata kidogo. "Dada, wewe!"

Malongo aliangua kicheko. Alicheka akiegemea baiskeli, mpaka machozi, kicheko cha mtu aliyekesha usiku mbili akisikiliza ukuta. "Si uchawi! Ni wivu tu! Jamani, ni wivu!" Alipotulia alisema, "Lakini Mama Frednand, mimi nikimwambia bibi hataamini, atasema namficha. Asikie kwa mdomo wa mwenyewe."

"Atasikia," mama alisema. Alilitoa kapu mkononi, akampa baba. "Minani, uzi utaupeleka wewe na baba yako. Mimi nakwenda na huyu."

"Mimi? Kwa masista?" baba alishtuka. "Nitasema nini?"

"Utasema shikamoo Sista. Mengine Minani anajua."

"Mama, twende wote," Minani alisema. "Na mimi nataka kumwona Bibi Rozina."

"Wewe utakwenda na baba. Huyu ni wangu."

Huyu ni wangu. Lilisemwa kwa hasira, na mkono uliomshika Nyandwi bega haukuwa wa kubembeleza. Malongo alitangulia kwa baiskeli. Wao walikata bonde kwa miguu, mwendo wa saa moja. Mama hakuibeba pia yake.

Aligomba tangu mgombani kwao. Alianza na kondoo, akaja kwa bibi wa watu aliyegeukia ukutani, akaja kwa Minani aliyelala analia. Hayo Nyandwi aliyasikia kichwa kikiwa chini, na la Bibi Rozina lilimchoma kwelikweli. Lakini mama hakuishia hapo. Alirudi nyuma. Alitaja siku Nyandwi alipomfungia paka kwenye debe la unga. Alitaja chumvi kwenye pombe ya mjomba Pancras, na yale maganda ya mayai aliyoyarudisha kwenye kiota ili kuku asijue. Ya mayai Nyandwi alikuwa na miaka minne, mwenyewe alishayasahau. Mama aliyataja kwa tarehe, kwa mahali, kwa nguo aliyokuwa amevaa.

Nyandwi alianza kusikiliza kwa makini. Watoto wanane, makosa ya miaka thelathini, na mama hakuchanganya hata moja. Hakumpa la ndugu yake Teddy, hakumpa la Frednand. Yote yalikuwa yake, yamewekwa mahali pake, kwa mpangilio ambao hata mwalimu wa nidhamu angeomba kufundishwa. Alijitahidi kutembea kwa huzuni. Uso uliitikia, miguu ikakataa, ilikuwa inaruka-ruka.

"Unacheka?"

"Hapana, mama."

"Bora."

Kwenye mikaratusi njia iligawanyika. Ya kushoto ilishuka moja kwa moja mpaka kwa Malongo, dakika kumi. Ya kulia ilizunguka kilima chote.

"Hii ya kushoto ina utelezi, mama," Nyandwi alisema.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwanzo wa Mei. Vumbi lilikuwa limepanda mpaka magotini mwao. Mama aliitazama njia, akamtazama binti yake kwa muda, akajifunga kitenge upya. Akashika ya kulia.

"Na lile la kofia ya padri," alisema, "unadhani nililisahau?"