Vibati vya Masanduku Matatu

Fundi alichutama nyuma ya karakana, akayatazama masanduku matatu ya udongo kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake. Siku tisini zilizopita alifukia humo nyuzi za plastiki ya wanga, kila sanduku mchanganyiko wake, ili ijulikane upi unaoza. Sanduku la kulia sasa lilikuwa na udongo mtupu. Katika mengine mawili, nyuzi zilitoka nzima kama zilizofukiwa jana.

Lakini vibati vya namba, vilivyofungwa kila kimoja kwenye sanduku lake, vilikuwa vimelala majanini, vyote vitatu pamoja.

Mpwa wake, mkemia aliyebuni michanganyiko hiyo, alikuja mbio.

"Mjomba, upi umeoza? Mpakiaji mchele anayetaka mifuko ya nyuzi zetu yuko getini. Tusipomwonyesha leo, anarudi kwenye mifuko yake ya zamani."

"Wa kulia."

"Kulia ni namba ngapi?"

Fundi alikuna kichwa. "Vibati vimeanguka."

"Ulivifunga na nini?"

"Uzi wetu. Nifunge kwa waya, na sisi ndio watengeneza nyuzi?"

Na kila asubuhi aliyamwagilia maji masanduku hayo, mafundo na yote, tena kwa bidii.

Mpwa akashika kiuno. "Basi uzi huo ndio uliooza, sawa na wa kulia! Ulitoka kwenye donge la uzi namba ngapi?"

Fundi alifumba macho. Mikono yake aliiona, fundo aliliona. Donge, hapana.

"La pili. Au la tatu. Lilikuwa upande wa dirishani."

"Madonge yote yako dirishani, Mjomba!"

Angeweza kusema "la pili" tu, yakaisha. Mpwa angeamini.

Mpakiaji mchele akaingia, mikono nyuma. "Haya wataalamu, ni upi?"

"Mmoja unaoza, bwana," alisema Fundi. "Ni upi, sijui. Kosa ni langu, si la binti huyu." Akaeleza yote, hadi fundo la mwisho.

Mgeni alichota udongo wa sanduku la kulia, akauchekecha vidoleni kwa muda mrefu.

"Walioniuzia mifuko ya zamani walikuwa na uhakika wa kila kitu, na hadi leo haijaoza," alisema. "Nawapa siku tisini nyingine. Ila jamani, fungeni kwa waya!"

Akaondoka. Mpwa aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Fundi alibaki na vibati kiganjani, asijue amesifiwa au amechekwa, wala aanze na namba ipi.