Linet Aunda Kompyuta Kapseret

Shamba la Mzee Kimeli liko Kapseret, upande ule ndege zinapoanza kushuka kuelekea uwanja wa ndege wa Eldoret. Tangu utotoni, bintiye Linet aliacha kila kitu ndege ikipita. Sasa alikuwa mwalimu wa hisabati, na alitaka kompyuta yenye nguvu ya kutosha kuendesha mchezo wa urubani, ule ambao dunia yake imetengenezwa kwa picha halisi zilizopigwa kutoka angani.

Jumamosi moja aliingia mjini na baba yake. Kwenye duka la kompyuta, Byron, kijana muuzaji, aliwaonyesha kompyuta iliyokwisha kuundwa. Ubavu wake ulikuwa wa kioo, na ndani feni zilizunguka zikibadilisha rangi. Mzee Kimeli alivua kofia.

"Tuchukue hii," alisema.

Linet aliinama akaichungulia. "Kadi ya picha ni nzuri, lakini pawa yake, kile kifaa cha kuigawia umeme, ni hafifu. Na nikitaka kuiongezea kitu kesho, hakuna nafasi. Afadhali ninunue vipande niunde mwenyewe."

"Mimi nilinunua trekta, Linet. Sikununua vyuma."

Byron alicheka. "Mzee ana pointi. Hii mtaiwasha leo. Ukiunda mwenyewe, madam, na ikakataa kuwaka, utajua wewe ni wapi pamekosewa."

Maneno hayo yalimchoma Linet, kwa sababu hakuwa amewahi kuunda kompyuta maishani. Alitazama tena zile taa. Kisha akasema, polepole, "Nipe vipande."

Jumapili, baada ya kanisa, meza ya kulia ilijaa maboksi. Baba yake alikuja kukaa kando, mikono mapajani, kama mtu aliyealikwa. Linet alipotoa prosesa, mzee aliomba kuiona. Haikujaza hata kiganja.

"Hiki ndicho kinachofikiri?"

"Ndicho. Ndani yake kuna swichi mabilioni."

"Mabilioni," alirudia mzee, akairudisha kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa linazama Linet alipobonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna feni, hakuna taa. Alihisi machozi yakimkaribia, akangoja baba yake aitaje ile ya dukani. Mzee hakuitaja. Alivuta kiti karibu, akasema, "Fungua. Tuangalie pamoja."

Wakapitia kila waya. Mwishowe Linet akaona waya mmoja wa umeme umeingia nusu tu kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Akausukuma kwa nguvu hadi ukalia *kli*. Safari hii feni ziliamka zote, mwanga ukamwagika mezani, na Mzee Kimeli akasimama bila kujua amesimama.

Mchezo wenyewe ulichukua siku nzima kushuka kutoka mtandaoni. Jumatatu jioni, Linet alirusha ndege kutoka uwanja wa Eldoret, akapinda kushoto, akaishusha kidogo.

"Baba, tazama hapo."

Mzee alisogea hadi pua ikakaribia kugusa skrini. Barabara ya lami. Mkondo wa maji. Mstari wa mikaratusi aliyoipanda mwaka alipooa, na paa la boma lake, dogo kama kiberiti.

"Simama hapo."

"Ndege haisimami, Baba."

"Basi zunguka."

Akazunguka. Akazunguka tena. Halafu akaielekeza mashariki, mashamba yakapita chini yao, mpaka ardhi ikakatika ghafla na bonde la Kerio likafunguka, la buluu, lenye kina kisichoaminika. Mzee Kimeli alishika ukingo wa meza. Miaka yote alikuwa ameishi chini ya ndege, na hakuwa amepanda hata moja.

"Marubani huona haya kila siku?"

"Kila siku."

"Na bado hukubali kushuka?"

Linet alisogeza kiti, akamwonyesha mahali pa kuweka mikono ili naye arushe ndege.